Je, magari yatokayo Japani huwasiliana na magari mengine barabarani?

Mwanzisha mada:
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nimenunua gari la mtumba kutoka Japani, Toyota Crown ya 2016, na kila ninapoliwasha, sauti ya mwanamke hutamka Kijapani kutoka katika kisanduku kidogo kilicho chini ya usukani. Jirani yangu anasema hicho ndicho chombo cha kuwasiliana na magari mengine. Kwa kuwa mimi husafiri mara kwa mara kati ya Morogoro na Mbeya, na pale Kitonga sioni kinachokuja nyuma ya kona, naomba kufahamishwa kama ni kweli na kama chaweza kunisaidia.

Fundi Umeme:
Kisanduku hicho ni cha ETC, yaani cha kulipia tozo za barabara kuu za kule, na huyo mama anakueleza tu kuwa kadi haimo. Ukimchoka, fundi atachomoa waya wake. Mawasiliano anayoyasema jirani yako yapo, lakini ni mfumo mwingine uitwao ITS Connect, ambao Toyota ilianza kuuweka mwaka 2015, Crown ikiwa miongoni mwa za mwanzo, kwa wanunuzi waliolipia nyongeza. Gari lenye mfumo huo hutangaza mahali lilipo, mwendo wake na uelekeo wake mara kadhaa kwa sekunde bila kupitia mnara wowote, na gari jingine likipokea humtahadharisha dereva kabla hawajaonana.

Mtu wa Masafa:
Wajapani walichagua megahezi 760 kwa sababu mawimbi hayo huzunguka kona za majengo vizuri kuliko yale ya gigahezi 5.9 yanayotumika Ulaya na Marekani. Kwa Kitonga hilo lingekuwa na maana, ingawa mlima si sawa na ukuta wa nyumba. Tatizo ni kwamba huku masafa ya karibu na megahezi 700, yaani bendi ya 700, yametengewa simu za mkononi, kwa hiyo mfumo huo haufai kutumika hapa hata kama gari lako linao. Na ungeongea na nani? Hata gari 1 kati ya kila 10 lingekuwa na chombo hiki, uwezekano wa magari mawili yanayokutana kuwa nacho yote mawili ni 1 kati ya 100. Marekani yenyewe ilitengea mawasiliano haya ya magari masafa yenye upana wa megahezi 75 mwaka 1999, magari yenye vyombo yakawa ya kuhesabika, na mwaka 2020 tume yao ya mawasiliano iliamua 45 kati ya hizo ziende kwenye Wi-Fi.

Mwanzisha mada:
Nashukuru sana. Basi nitaendelea kutegemea indikata za madereva wa malori: akiwasha ya kushoto napita, akiwasha ya kulia nabaki nyuma yake.

Fundi Umeme:
Uangalie na mwenyewe, ndugu yangu. Mimi karibu na Ruaha Mbuyuni lori liliniwashia ya kushoto, nikatoka kulipita, kumbe dereva alikuwa anataka kuegesha tu, na mbele yangu basi linakuja.