Wenye nyumba za kupangisha Kenya, ushuru mmeupunguzaje kihalali? Tupeane uzoefu

Wenzangu, habari zenu. Nina vyumba kumi Ruiru, kila kimoja 6,000 kwa mwezi. Kabla ya 2024 nilikuwa nawalipa KRA (mamlaka ya ushuru) asilimia 10, yaani 6,000 kila mwezi. Sasa ni asilimia 7.5, nalipa 4,500 kufikia tarehe 20. Kinachoniuma ni kwamba inakatwa kwenye kodi yote ya wapangaji: upake rangi, ubadilishe tangi, hupunguziwi hata shilingi. Nasikia unaweza kumwandikia Kamishna wa KRA utoke kwenye mpango huo, ulipie faida tu mwisho wa mwaka. Kuna aliyejaribu? Leteni hesabu.

*Mwenye ploti, Kitengela:*
Mimi nilitoka na nikafaidika, kwa sababu ya mkopo. Ploti inaingiza 90,000 kwa mwezi, mwaka mzima 1,080,000. Ningebaki, ningelipa 81,000. Riba ya benki mwaka jana ilikuwa 780,000. Ukarabati, reti za kaunti na ada ya ajenti 130,000. Faida ikabaki 170,000. Nimeajiriwa na mshahara wangu uko kwenye kiwango cha ushuru cha asilimia 30, basi nikalipa 51,000. Lakini kwenye mkopo kinachotolewa kama gharama ni riba tu, deni lenyewe halimo. Na kwa sisi wa asilimia 30, gharama zisipopita robo tatu ya kodi, heri ubaki kwenye 7.5.

*Mama mwenye nyumba, Nakuru:*
Huyo wa Kitengela amesema kweli, naomba mmsikilize. Mimi nilitoka bila mkopo wowote, nikitegemea gharama za paa. Fundi nilimlipa 140,000 kwa M-Pesa. Kumbe tangu 2024 gharama inataka risiti ya eTIMS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa KRA, na fundi wa mtaani ataitoa wapi? Daftari langu nimeandika mpaka misumari, halikunisaidia. Vile vyumba viwili nilivyoongeza nyuma navyo vikahesabiwa ujenzi, si ukarabati, basi gharama yake haikutolewa. Siku hizi nikifika hadwea natoa PIN yangu ya KRA kwanza, risiti itoke ndipo saruji ipakiwe.

*Niko Doha:*
Tulio nje tuwe macho: asiye mkaazi hukatwa asilimia 30 ya kodi yote, hiyo 7.5 ni ya wakaazi. Mimi nina nyumba yangu Kakamega na huja kila Desemba. Sheria inamhesabu mkaazi mtu mwenye makao ya kudumu Kenya akiwepo nchini hata siku chache za mwaka huo. Tunzeni pasipoti zenye mihuri.

*Mwanzisha mada:*
Asanteni sana. Mkopo wangu uliisha 2022, kwa hiyo sitoki. Ila nimegundua kosa langu: mwezi uliopita vyumba vitatu vilikuwa vitupu, nami nikalipa 4,500 kama kawaida. Kodi iliyoingia ilikuwa 42,000, ushuru wake 3,150. Usiku huu nafungua iTax, tovuti ya KRA ya ushuru, nipitie miezi yote.