Naomba ushauri: katuni za mashujaa na somo la fizikia

Habari zenu wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha pili, huku Temeke. Vijana wanapenda katuni za mashujaa kuliko daftari, nikaona niwafundishie humo humo. Mtu anadondoka toka ghorofani, mita 100; ukiacha upinzani wa hewa, anafika chini na kasi ya karibu kilomita 160 kwa saa. Shujaa anamdaka kwa mikono ya chuma, anasimama papo hapo, mzima! Wakati kinachoua ni kule kusimama ghafla, iwe mikononi au kwenye lami. Nikieleza hivyo wananuna, eti nawaharibia utamu (mmoja kaniuliza kama nyumbani huwa nacheka). Walimu wenzangu, nianze na hesabu au niwaache wabishane kwanza? Na projekta iliyotumika, Kariakoo naipata wapi?