Nimemaliza kidato cha sita, nataka kujitolea shuleni Ujerumani mwaka mmoja: nianzie wapi?

Binti_Uyole
Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Nina miaka 19, nipo Uyole, Mbeya, nimemaliza HKL mwezi Mei. Kabla ya chuo nataka nijitolee mwaka mmoja kwenye shule ya msingi Ujerumani kama msaidizi wa mwalimu. Njia halali ni ipi? Nyaraka gani huwa zinakwamisha watu? Darasani msaidizi anafanya nini hasa? Na mkopo wa chuo hautanipita? Kuna mtu hapa mjini anataka laki nane "za kuniunganisha", anasema visa inatoka wiki mbili.

Kihesa_Juu
Marahaba mdogo wangu. Huyo wa laki nane achana naye leo hii. Njia zinazojulikana ni mbili, na hakuna inayomhitaji.

Ya kwanza inaitwa weltwärts, mpango wa wizara ya maendeleo ya Ujerumani ulioanza 2008. Mwanzoni ulileta vijana wao huku, baadaye ukafunguliwa na upande wa vijana wetu kwenda kwao. Umri ni 18 hadi 28. Huombi peke yako: shirika la hapa lenye mwenza kule ndilo linalokupendekeza. Kwa Nyanda za Juu Kusini, pa kuanzia kuuliza ni makanisa, maana udugu wa Wamoravian wa Rungwe na Ujerumani ni wa tangu 1891, na KKKT nao wana wenza wao huko. Usiishie kwa mzee wa ushirika au usharika, nenda ofisi ya vijana ya jimbo au dayosisi uulize kama wanapeleka vijana na dirisha linafunguliwa lini. Anza mwaka mzima kabla. Kwenye njia hii nauli ya ndege, bima na makazi viko ndani ya mpango.

Ya pili ni Bundesfreiwilligendienst, kwa kifupi BFD, huduma ya kujitolea ya serikali kuu iliyoanza Julai 2011. Hapa unaandikia shule au shirika moja kwa moja. Muda wa kawaida ni miezi 12, usiopungua 6 wala kuzidi 18. Bima inalipwa na wanakupa posho, ila tiketi ya ndege mara nyingi ni juu yako. Ukipata mkataba, soma kwanza kipengele cha makazi. Kama chumba hakimo, posho itaishia kwenye kodi.

Njia zote mbili zinaishia kwenye makubaliano ya maandishi yenye sahihi za huko. Bila karatasi hiyo hata ubalozi, Dar, hawana cha kushughulikia. Na visa ya muda mrefu siyo ya wiki mbili, weka miezi mitatu kwenye hesabu zako.

Karani_Soweto
Naongeza kwenye nyaraka. Pasipoti ni 150,000: fomu 20,000, halafu 130,000. Unajaza mtandaoni, unapeleka Uhamiaji mkoa ukiwa na namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi, au kiapo kama mzazi hana cheti. Kinachokwamisha watu ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Esta, cha NECTA kinasema Esther, NIDA wameandika jina la babu badala ya la baba. Viweke vyote mezani usome herufi kwa herufi *kabla* ya kulipia chochote.

Mkopo: kwa kuwa hutaki chuo mwaka huu, usiombe udahili kisha ukathibitisha na kutoweka. Omba mwakani ukiwa huko huko, maombi ya vyuo ni ya mtandaoni. Fomu ya HESLB ndiyo yenye kazi, maana inataka mhuri wa serikali ya mtaa, mwanasheria na mdhamini. Mwachie mzazi nakala za vyeti, picha zako na namba ya uhakiki wa RITA, na mkubaliane jinsi ukurasa wa sahihi yako utakavyokwenda na kurudi.

Ticha_Mafinga
Swali la darasani ndilo ninalolipenda. Wewe siyo mwalimu wa darasa. Asubuhi unakaa na watoto wawili watatu wanaosoma taratibu, unaweka kidole chini ya mstari, mtoto anasoma mwenyewe. Jibu humpi. Mchana ni chakula, kazi za nyumbani na uwanja, na unawahesabu watoto kila mnapotoka na kila mnaporudi.

Hesabu zitakusumbua kuliko unavyodhani. Wajerumani hutamka 53 kama "tatu na hamsini", kwa hiyo mtoto anayeanza huandika 35, na wewe mgeni utaandika hivyo hivyo. Kuzidisha ni nukta moja katikati, kugawanya ni nukta mbili, na penye nukta ya desimali wao huweka mkato: 3,50. Jizoeze kuandika tarakimu unazosomewa, kumi kila siku, kabla hujaondoka. Lugha yenyewe, mtihani wa A1 (ngazi ya kwanza ya Kijerumani) pale Goethe-Institut Dar unafaulu kwa alama 60 kati ya 100, lakini uwanjani watoto wanaongea haraka mno. Lenga A2, ngazi inayofuata.

Kiboko hakuna, wala kuvuta sikio, wala kupiga magoti. Tangu 2000 sheria yao inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa, hata na mzazi wake. Usipige picha za watoto kwa simu yako. Usigawe pipi, wapo wenye mzio. Ukiumwa, piga simu kabla ya kengele ya kwanza.

Nesi_Makambako
Wote mmesahau surua. Tangu Machi 2020, anayefanya kazi shuleni Ujerumani na amezaliwa baada ya 1970 lazima aoneshe dozi mbili za surua, au kipimo cha damu kinachoonesha ana kinga. Hapa kwetu dozi ya pili iliingia kwenye ratiba ya kliniki mwaka 2014. Wewe wa miaka 19 ulishapita umri huo, kwa hiyo huenda una moja tu; angalia kadi yako ya kliniki.

Binti_Uyole
Asanteni sana, kesho naenda ofisi ya jimbo. Dada Nesi, nimeitoa kadi, kweli surua ni moja tu, ya miezi tisa. Mama anasema nilichomwa tena shuleni kwenye kampeni.

Nesi_Makambako
Kama huna karatasi ya siku hiyo, haihesabiki, mdogo wangu. Nenda hospitali ya rufaa au ya mkoa uulize chanjo ya surua-rubella kwa mtu mzima. Kati ya dozi na dozi ni wiki nne au zaidi, na wewe ya kwanza ni ya zamani, kwa hiyo moja inatosha. Haichomwi kwa mjamzito. Kabla hujatoka chumbani hakikisha wameandika tarehe, namba ya bechi na mhuri kwenye kile kijitabu cha njano cha kimataifa, na jina lisomeke kama la pasipoti. Kadi ya kliniki nayo usiiache nyumbani, ndiyo ushahidi wa ile dozi ya kwanza.