Mjadala: Mtoto anayesomeshwa nyumbani na mama yake, naye ni mtoro?

Mama wa Chuno

Wiki iliyopita mtendaji wa kata alikuja nyumbani kwangu, hapa Chuno, Mtwara, akiwa na afisa elimu kata. Hawakuja kwa ukali. Walikaa barazani, wakanywa maji, wakauliza mbona watoto wangu wawili hawaonekani shuleni tangu Januari. Nikawatolea madaftari. Afisa elimu akayapekua moja moja, akasema mwandiko mzuri, hesabu ziko sawa, kisha akaandika kwenye karatasi yake: watoro. Neno hilo ndilo limenileta hapa.

Sina ugomvi na shule. Nimefundisha chekechea miaka sita. Lakini mkubwa wangu alikuwa darasa la tatu, darasa limefurika hadi wengine wanakaa chini, na mwalimu ni mmoja. Siku moja nafungua daftari nakuta saba mara nane ni hamsini na nne, na vema kubwa ya wino mwekundu. Simlaumu mwalimu yule. Ningekuwa mimi na lundo lile la madaftari ningeweka vema hata kwenye mchoro wa kuku. Ila nilikaa na baba yao, tukaomba, tukaamua tuanze nyumbani.

Tunaanza saa mbili hadi saa sita, mezani, vitabu vya Taasisi ya Elimu vilevile wanavyosoma wenzao, na Biblia juu yake. Jioni wanacheza mpira uwanjani na watoto wa mtaa. Ijumaa kipindi cha mwisho ni ramani. Tunachagua nchi moja, tunajifunza mji mkuu, mito, chakula chao, halafu tunawaombea waumini wanaoteswa huko. Tumesoma Eritrea, ambako tangu mwaka 2002 dini zilizoruhusiwa ni Waorthodoksi, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu wa Sunni tu, na walokole wengi wamefungwa, wengine ndani ya makontena ya meli. Tumesoma Chibok ya Nigeria, wasichana 276 waliochukuliwa bwenini Aprili 2014. Tumesoma Pakistani na yule mama Mkristo Asia Bibi, aliyehukumiwa kifo kwa madai ya kukufuru mwaka 2010 na kuachiwa 2018. Binti yangu wa miaka tisa aliniuliza miaka minane ni mingi kiasi gani. Nikamwambia ni karibu umri wako wote. Alikaa kimya mpaka chakula cha mchana.

Ninachotaka ni kidogo. Serikali ituandikishe, ije itukague, iwapime watoto wetu pamoja na wenzao wa darasa la nne na la saba. Lakini isituite watoro. Nakaribisha maoni, hata makali.

Kijana wa Ligula

Mama, pole, ila karatasi ya afisa elimu inasimama kisheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, kifungu cha 35: mtoto aliyetimiza miaka saba na hajafika kumi na tatu lazima aandikishwe shule ya msingi, na mzazi ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Hakuna mlango ulioandikwa "au nyumbani". Marekani wanao, majimbo yote hamsini yaliruhusu kufikia mwaka 1993. Ujerumani hawana, na mwaka 2019 familia ya Kikristo iliyonyang'anywa watoto kwa muda kwa sababu hii ilishindwa kesi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Sisi tumekaa upande wa Mjerumani, sijui kama tulichagua au tulirithi.

Mkorosho

Msimu wa korosho watoto wangapi wanaokota mashambani badala ya kuwa darasani? Na wakitoka jando, wangapi wanachelewa wiki nzima kurudi? Huyo mtendaji kwao hapiti? Nauliza tu.

Mwalimu Mstaafu, Mikindani

Mwanangu wa Chuno, salaam. Nimefundisha miaka thelathini na mbili, kwa hiyo hiyo vema ya wino mwekundu hata mimi nimewahi kuiweka, Mungu anisamehe. Kuhusu wingi wa watoto sina la kukubishia. Tangu serikali ifute ada na michango mwaka 2016 madarasa yamejaa, na kujaa ni jambo jema lililokuja bila madawati.

Nataka kusema jambo jingine. Mimi nilisoma Chidya, baada ya serikali kuichukua kutoka kwa misheni ya Waanglikana. Baba yangu alikuwa mvuvi Mwislamu. Kabla ya Sheria ya Elimu ya 1969 shule nyingi za huku kwetu zilikuwa za misheni, na mtoto wa aina yangu alikuwa na nafasi finyu. Nilipofika pale kitanda changu kilikuwa jirani na kijana wa padri wa Newala. Wakati wa Ramadhani yeye ndiye aliyeniamsha daku, kwa sababu mimi nilikuwa na usingizi mzito kama gogo. Hilo halikuwa kwenye muhtasari wowote wa somo.

Sasa mtoto wako anakaa mezani na mama yake na mdogo wake. Anajifunza, wala sina shaka, pengine kuliko wenzake. Lakini nani atamwamsha daku? Na Ijumaa, siku ambayo wenzake wa mtaa wanakwenda msikitini, yeye anasomeshwa kwamba Chibok waliochukua wasichana walikuwa Waislamu, Pakistani waliomhukumu yule mama walikuwa Waislamu. Hujamwambia awachukie, najua. Mtoto hujumlisha mwenyewe. Mjukuu wangu alirudi siku moja akasema rafiki yake wa kanisa moja hapa Mikindani amekatazwa kula pilau yetu ya Maulidi. Pilau! Kwa Mtwara hii ambayo mtu na shemeji yake ni dini mbili na wanakula sinia moja.

Mjukuu wa Masasi

Mwalimu shikamoo. Kwa hilo la pilau niko upande wako. Lakini tusiseme habari za mateso ziachwe kwa sababu zinaumiza. Sisi Masasi tumezaliwa nazo. Mwaka 1876 Askofu Steere alileta pale watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, ndio wakawa kanisa la kwanza. Mwaka 1882 Magwangwara, yaani Wangoni, wakashuka, wakachoma kijiji, wakachukua watu. Fikiria mtu ameshakuwa mtumwa mara moja, amebatizwa, amelima shamba lake, halafu anafungwa kamba tena. Hao ni wahenga wetu, na shuleni sikuwahi kuwasikia. Niliwasikia kwa bibi, jikoni. Kwa hiyo usinifanye niamini kwamba meza ya nyumbani ni mahali padogo.

Ila Mama wa Chuno nawe nikuulize. Agosti 1905, wakati wa Maji Maji, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Misheni za Lukuledi na Nyangao zilichomwa. Kanisani tunawaita mashahidi. Lakini jirani yangu ni Mngindo wa Liwale, na kwa babu zake ile ilikuwa vita dhidi ya Mjerumani aliyewalimisha pamba kwa viboko, na padri alionekana wa kabila moja na mwenye kiboko. Baada ya hapo Mjerumani akachoma maghala na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Ijumaa hiyo utaifundishaje? Watoto watamwombea nani?

Mama wa Chuno

Hiyo sijaifundisha. Naomba mnipe hadi jioni, nina uji motoni.

Mzaliwa wa Msimbati

Mimi nimesoma yote haya nikiwa kimya, sasa niseme. Mnataja Eritrea, mnataja Nigeria. Kutoka Chuno hadi Mto Ruvuma ni mwendo wa bodaboda. Ng'ambo yake ni Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji.

Dada yangu aliolewa huko, mji wa Palma. Sisi ni Waislamu, shemeji yangu ni Mwislamu, sala tano hakosi. Tarehe 24 Machi 2021 mji ulipovamiwa na wapiganaji wanaojidai kupigania Uislamu, walikimbia na watoto watatu na sufuria moja. Ile sufuria ilikuwa na maharage yaliyoiva nusu. Wakalala porini, wakafika mtoni, wakavuka. Huku ng'ambo ya kwetu walipandishwa gari, wakarudishwa Msumbiji kupitia Negomano, mbali kabisa na kwao. Si wao peke yao. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilisema wazi mwaka ule kwamba maelfu walirudishwa kwa njia hiyo. Mwanangu alikuwa amewatandikia mkeka sebuleni. Mkeka ulikaa wazi mwezi mzima, sikuweza kuukunja.

Na waliowafukuza mnajua walianzaje? Kabla ya kushambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, walianza na misikiti. Waliingia na viatu, wakawaambia wazee wa msikiti kwamba sala yao ni batili. Mwislamu wa kule ndiye aliyekuwa wa kwanza kuambiwa imani yake ni uongo. Baadaye, Aprili 2020, kule Xitaxi, vijana zaidi ya hamsini waliuawa kwa kukataa kujiunga nao. Ile ni wilaya ya Muidumbe, kwa Wamakonde wenzetu, Wakatoliki wengi, na misheni yao kongwe ya Nangololo ilivamiwa mwaka huohuo. Oktoba ya mwaka huohuo wa 2020 wakavuka mpaka Kitaya, mkoa wetu huu, wakachoma nyumba. Moto haukuuliza nani kabatizwa.

Sasa mama, kwenye ramani yako ya Ijumaa sisi tuko upande gani?

Kijana wa Ligula

Hapa naomba niseme kitu cha kisheria kidogo, maana mada inahama. Ibara ya 11 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha. Watetezi wa masomo ya nyumbani huikimbilia. Lakini iko kwenye sehemu ya malengo ya msingi, na Ibara ya 7 inazuia mahakama kutoa uamuzi juu ya sehemu hiyo. Kwa hiyo ni haki nzuri ya kusomwa, si ya kushtakia. Iliyo na meno ni Ibara ya 19, uhuru wa dini. Na hapo serikali itajibu kwamba kumpeleka mtoto shule hakumzuii kuomba. Ninachoona kinawezekana ni mabadiliko ya sheria. Sera mpya ya elimu, toleo la 2023, imesogeza elimu ya lazima hadi miaka kumi. Wakati kanuni zinaandikwa ndio wakati wa kupeleka hoja. Si wakati mtendaji yuko barazani.

Mkorosho

Miaka kumi ya lazima na madawati yaleyale. Haya.

Mama wa Chuno

Nimerudi. Nimelia kidogo, sitaficha, kwa ajili ya ule mkeka.

Mzaliwa wa Msimbati, dada yangu, umeniuliza mko upande gani na jibu la kweli ni kwamba hamkuwemo. Kitabu ninachotumia Ijumaa kilitungwa Marekani, kikatafsiriwa, nikakipokea kwenye semina ya kina mama. Kina Korea Kaskazini, kina Irani, kina Libya. Wale Wakristo ishirini na mmoja waliouawa ufukweni Libya mwaka 2015, ishirini Wamisri na mmoja Mghana, wanangu wanajua habari zao zote. Palma hawaijui, na hapa tunauza dagaa wanaotoka bahari ileile. Andiko la Waebrania 13 linatutaka tuwakumbuke waliofungwa kama tumefungwa nao, na mimi nilikuwa nakumbuka kwa kufuata orodha ya mtu wa Texas. Msumbiji imeingia Ijumaa hii. Na tutawaombea wote waliokimbia, shemeji yako kwa jina lake ukiniruhusu.

Lakini Mwalimu, shikamoo, hapa sikubaliani nawe na naomba usikasirike. Kijana wa padri aliyekuamsha daku alilala kitanda jirani na wewe, bweni lina utaratibu, walimu wanawajua kwa majina. Darasa nililomtoa mwanangu, mwalimu alikuwa hajui jina lake mpaka Agosti. Alimwita "wewe wa dirishani". Unaniambia atakosa undugu, na pale dirishani aliupata wapi? Undugu wake na Waislamu anaupata uwanjani saa kumi na moja, anapopigwa chenga na mtoto wa shehe. Na pilau ya Maulidi wanangu wamekula mwaka huu, mdogo alirudi na shati lote mafuta.

La hofu ndilo limenikaa. Mtoto hujumlisha mwenyewe, umesema kweli. Jana nilimuuliza binti yangu, bila kumwongoza, watesaji ni kina nani. Akajibu haraka. Sitaandika alichojibu. Nimeketi naye na daftari la historia, tukaanza na Magwangwara na watumwa wa Masasi, tukafika kwa Askofu Spiss na viboko vya pamba. Mjukuu wa Masasi, ulitaka kujua watoto watamwombea nani. Aliuliza kama tunaweza kumwombea askofu na pia wale waliokufa njaa, "au ni lazima kuchagua?" Nikashindwa kumjibu, nikamwambia tuombe wote.

Mwalimu Mstaafu, Mikindani

Sijakasirika. "Wewe wa dirishani" imenichoma zaidi ya hoja. Hata hivyo bado nasema mrudishe shule, na kero ya wingi tuipiganie wote, maana ukiwatoa watoto wenye mama anayejua kusoma daftari, nani atabaki kugundua hamsini na nne? Waliobaki mama zao wako shambani.

Mama wa Chuno

Hilo la mama walio shambani sina jibu lake leo, Mwalimu. Naligeuza tangu asubuhi.

Barua ya mtendaji imefika. Jumatatu saa tatu, ofisi ya kata, "uje na watoto husika". Nakwenda nao na madaftari yote, hata lile la zamani lenye vema nyekundu. Kijana wa Ligula, kama una nafasi asubuhi hiyo, njoo tukae wote kwenye benchi la pale nje.