Msaada: Mashine ya vikombe vya mtindi inabania upande, nikirekebisha leo kesho imehama tena

Mama Mgando
Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Niko Tukuyu, nasindika mtindi kidogo kidogo. Nina mashine ile ya sahani inayozunguka, ina matundu 6. Kikombe kinadondokea tundu la kwanza, kinasogea kinamiminiwa mtindi, kinasogea kinawekewa foili, kinasogea kichwa cha moto kinashuka kubana, mwisho kinasukumwa juu unakitoa. Sahani inasukumwa kwa hewa ya kampresa.

Miezi minane haijanisumbua. Wiki mbili zilizopita tumeihamisha kutoka chumba cha nyuma kuja cha mbele, na tangu hapo kichwa cha moto hakitui katikati ya kikombe. Upande mmoja foili inaungua, upande wa pili inaachia. Juzi kwenye vikombe 400 nimetupa kama 70. Wateja wangu wa Uyole na Mwanjelwa wameanza kurudisha mzigo.

Fundi wa kwanza alipandisha joto kutoka 165 hadi 200, kikombe kikalegea kama mshumaa. Kisha akalegeza bolti za kichwa akakisogeza, jioni ikawa safi, nikamlipa. Asubuhi kimehamia upande mwingine. Naombeni msaada, nisije nikauza ng'ombe kulipa foili.

Kijana wa Kabwe
Ongeza presha ya kampresa mama, hiyo hewa ni ndogo.

Mama Mgando
Niliongeza mwanangu. Sasa inabamiza mpaka mtindi unaruka.

Pembeni Kidogo
Nipo nyuma ya uzi nasubiri mafundi. Na mimi ya sabuni inanifanyia hivyo hivyo.

Fundi Spana
Mama, pole. Kabla ya yote, asiguse mtu tena bolti za kichwa. Kichwa ndicho cha mwisho kurekebishwa, mafundi wengi wanaanza nacho kwa sababu ndicho kinachoonekana kukosea. Ukisogeza kichwa kifuate sahani inayocheza, utasogeza mpaka Krismasi.

Tazama kikombe chini, kwenye kile kipembetatu. Kuna namba 5 au 6?

Mama Mgando
5.

Fundi Spana
Hiyo ni plastiki ya PP, inayeyuka kwenye nyuzi 160 na kitu. Kichwa cha 165 kinachogusa kwa sekunde moja kupitia foili hakina shida, 200 ndiyo imekuyeyushia. Rudisha 165. Nimeuliza pia kwa sababu foili zina gundi tofauti, ya vikombe vya 6 haishiki vizuri kwenye 5, na mtu anaweza kuhangaika na mashine kumbe aliuziwa foili siyo. Yako ilishika miezi minane na bado inashika upande mmoja, kwa hiyo foili tunaiacha.

Sasa fanya hivi. Chukua maka peni, andika namba 1 hadi 6 kwenye sahani, kila tundu na namba yake. Pitisha vikombe vitupu 18, yaani mizunguko mitatu, na kila kikombe kiandikwe namba ya tundu lililokibeba. Usimimine mtindi, unaharibu bure. Kisha vipange mezani kwa namba uangalie alama ya moto imeangukia wapi.

Vikombe vyote vikikosea upande mmoja kwa kiasi kile kile, kichwa kimehama. Likikosea tundu moja tu kila likipita, tundu hilo lina kasoro yake. Yakikosea yote lakini leo hivi kesho vile, sahani haifungwi inaposimama. Na kama alama iko katikati ila imekolea upande mmoja, hapo ni suala la ulalo, kichwa na sahani havilali sawa.

Mzee wa Makambako
Fundi kasema vizuri. Mimi nina mashine ya kusaga tangu zamani, naongeza moja tu. Mashine iliyohamishwa, weka pima maji kwanza. Sakafu ya chumba cha mbele huwa imemwagwa na mteremko ili maji yatoke nje. Mguu mmoja ukining'inia, fremu inajipinda ukiwasha, na kilichokuwa wima hakiko wima tena.

Mama Mgando
Mzee asante, ni kweli kuna mteremko. Kijana wangu ameweka pima maji, mguu wa kulia nyuma ulikuwa unacheza. Tumekaza miguu yote minne sasa imetulia. Vikombe 18 nimepitisha baada ya hapo.

Namba 4: mara zote tatu imekosea kwenda nje, kama milimita 2.
Zilizobaki: zote zimekosea kwa nyuma, yaani kama kikombe hakijafika. Ila hazilingani. Namba 1 mzunguko wa kwanza milimita 1, wa pili 3, wa tatu sawa kabisa. Namba 6 hivyo hivyo vurugu. Nikipunguza kasi makosa yanapungua.

Fundi Spana
Safi sana, hapo umeshamaliza nusu ya kazi. Una magonjwa mawili, ndiyo maana yule fundi hakuelewa anachotibu.

Namba 4 tuiache kwanza. Hayo mengine, sahani yako haifungwi kwenye hatua. Chini ya sahani kuna mkono wenye jino, silinda ya hewa inausukuma, jino linasogeza sahani nyuzi 60. Halafu kuna pini yenye springi inayoingia kwenye kitundu kuifunga sahani isirudi wala kupitiliza. Pini isipozama hadi mwisho, sahani inasimama popote inapojisikia. Na usidharau kosa dogo pale katikati: kama tundu liko sentimita 20 kutoka kwenye shafti, digrii 1 tu ni karibu milimita 3.5 kwenye kikombe.

Zima umeme, funga kampresa NA utoe hewa yote iliyobaki kwenye mipira. Narudia, utoe hewa. Silinda yenye hewa inaweza kupiga hata umeme ukiwa umezimwa, nimeona kidole cha mtu. Kisha shika sahani kwa mikono miwili uitikise mbele na nyuma. Ikicheza, mulika tochi ya simu chini utazame pini.

Chuma cha Mkangaa
Na kampresa muitoe maji kila asubuhi. Rungwe mvua haina likizo, hewa ya huko imejaa unyevu. Maji yakiingia kwenye silinda yanaosha mafuta, silinda inakuwa nzito kusukuma, hatua haikamiliki. Dada fungua ile koki ya chini ya tangi uone kinachotoka.

Mama Mgando
Jamani. Koki imetoa maji kama glasi nzima, tena yana kutu.

Lakini subirini hili. Sahani ilikuwa inacheza. Kijana amefungua pini, haikuwa inatoka hata nusu. Kwenye vile vitundu vyote sita na kuzunguka springi kuna mtindi uliokauka, mgumu kama gundi ya mbao. Springi yenyewe imeota kutu imefupika.

Nikawa najiuliza mbona miezi minane haikutokea. Chumba cha nyuma hakikuwa na bomba, mashine tulikuwa tunaifuta kwa kitambaa. Huku mbele kuna bomba, na wasichana wangu kila jioni wanaipiga na mpira wa maji juu ya sahani, wakifurahia usafi. Mtindi wote ulikuwa unasukumwa chini kwenye pini.

Kijana wa Kabwe
Kumbe usafi nao unaua mashine 😂

Fundi Spana
Nimecheka lakini ndiyo hivyo. Toa pini, loweka kwenye maji ya moto, vitundu uvisugue kwa brashi ndogo, usivichokonoe na bisibisi maana vikipanuka umekwisha. Springi nunua mpya ya unene na urefu ule ule. Grisi iwe ya mashine za chakula, kidogo tu.

Namba 4 toa ile ringi inayobeba kikombe, iweke juu ya kioo. Ikicheza imepinda.

Ukimaliza hayo ndiyo uje kwenye kichwa, kwa sababu yule fundi alishakihamisha. Mpelekee mtu wa kukereza kikombe kimoja na ringi moja nzima, akuchongee kipande cha chuma kinachokaa kwenye ringi bila kucheza na juu kinaingia kwenye kichwa bila kucheza. Legeza bolti za kichwa, kishushe kwa mkono kikiwa cha baridi kivae kile kipande, kaza bolti kwa msalaba, kidogo kidogo. Weka karatasi ya kaboni juu ya karatasi nyeupe, ubane. Mviringo ukikolea sawa pande zote, umemaliza.

Mama Mgando
Wakuu, mrejesho. Ringi ya 4 ilikuwa imepinda, nimehamishia ya akiba. Springi nimepata Mbeya, kile kipande nimechongewa kwa elfu 15. Kaboni mara ya kwanza ilikolea upande mmoja, tukaweka kibati chembamba chini ya bolti mbili, ikakaa. Leo nimefunga vikombe 400 kwa joto la 165, vibovu 3, na viwili kati ya hivyo foili ilikuwa imekunjika yenyewe.

Mpira wa maji nimeufungia stoo.

Pembeni Kidogo
Mama, ile pini yako iko upande gani wa sahani? Nimelala chini ya mashine ya sabuni hapa siioni.

Mama Mgando
Yangu iko karibu na silinda, upande wa pili wa mkono. Toa hewa kwanza mwanangu, ndipo ulale huko chini.