Naomba ushauri: nasoma kila siku lakini sikumbuki

Wakuu habari zenu. Nina miaka 34, kazi inanibana asubuhi hadi jioni. Mwezi wa tatu sasa najilazimisha kusoma kurasa kumi kila usiku kabla ya kulala, na kwa kweli sijakosa hata siku moja. Tabia imeshika. Tatizo ni kwamba ukiniuliza leo nilichosoma wiki mbili zilizopita, nabaki natoa macho tu. Inaniuma, maana sisomi ili nihesabu kurasa, nataka maarifa yabaki.

Najua mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alishaonyesha tangu 1885 kwamba tunasahau kwa kasi zaidi muda mfupi baada ya kujifunza, na kwamba kurudia kwa vipindi husaidia. Nimejaribu: narudia kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki. Lakini marudio yakirundikana, muda wa kusoma kipya unakwisha!

Kuandika muhtasari nikiwa nimefunga kitabu kumenisaidia kiasi, ingawa usiku nakuwa nimechoka mno.

Kwa mliofanikiwa: mnapunguza kurasa ili mpate nafasi ya kurudia, au mnatenga siku maalumu? Na je, nihamishie alfajiri? Naogopa kuvuruga ratiba ambayo tayari imeshika, maana kuijenga kulinigharimu sana. Mwenye uzoefu wa kuhamisha tabia bila kuipoteza anieleze alivyofanya, hatua kwa hatua. Natanguliza shukrani.