Papplewick: nyumba ya pampu ya maji, mbona wameijenga kama kanisa?

mdau_wa_majengo:
Wakuu habari za jioni. Niko Nottingham, Uingereza, kimasomo, juzi jamaa wa darasani kanipeleka Papplewick, kaskazini ya mji huku, kuna kituo cha kupampu maji cha enzi za Malkia Victoria. Aisee nimeingia ndani nikaishiwa maneno. Nguzo za chuma zimezungushiwa samaki wa shaba na majani ya mimea ya majini, juu yake kuna ndege kwarara, madirisha vioo vya rangi, nje bustani na bwawa, yani ukizitoa zile injini mbili padre anaingia anasalisha misa na hakuna atakayeshangaa. Sasa swali langu, hii si ilikuwa pampu tu jamani? Iko shamba kabisa, watu waliokuwa wanashinda mle ni wachochea makaa, nani alikuwa anarembewa? Halafu jamaa anadai hela ya mradi ilibaki ndo ikaishia kwenye mapambo. Kweli hiyo?

fundi_stimu:
Mkuu kwanza tutenganishe pambo na kazi, maana vingi unavyoviona ni kazi iliyovalishwa nguo nzuri. Zile injini mbili ni za stimu, yani zinaendeshwa na mvuke, zimetoka kwa kampuni ya James Watt & Co, zikaanza kazi 1884. Kila moja ina boriti kubwa ya chuma huko ghorofani, upande mmoja imeshikwa na pistoni, upande wa pili inavuta vyuma vya pampu vinavyoshuka kisimani futi kama 200 chini. Pistoni ikienda chini huku, vyuma vinanyanyuka kule na maji yanapanda. Sasa boriti ya namna hiyo haiwezi kuning'inia hewani, lazima kitu kiibebe, na ndo kazi ya hizo nguzo unazozisifia. Nyumba nzima ni sehemu ya mashine, ukuta ukicheza na injini inacheza. Ndo maana matofali ni mazito vile, sio ubishoo peke yake.

Na lile bwawa mkuu ulidhani ni la samaki? Stimu ikimaliza kazi kwenye silinda inapelekwa kwenye kondensa ipoozwe irudi kuwa maji, hapo kunabaki ombwe, yani nafasi tupu isiyo na hewa, linalosaidia kuvuta pistoni. Maji ya kupoozea yanatoka yamepata joto, yanaenda bwawani kupoa, yanarudishwa tena. Wangeweza kuchimba shimo la kawaida tu wakamaliza, wao wakaliweka kwenye bustani.

bibi_wa_makavazi:
Fundi kaeleza vizuri, mie niongezee ya historia maana bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini walijionyesha kiasi kile. Nottingham karne ya 19 ilikuwa imebanana vibaya sana, viwanda vya lesi, watu wanaishi juu ya wenzao, na mito ikawa inapokea kila uchafu. Mji huo ulishakuwa na jina kwenye mambo ya maji, tangu 1831 injinia Thomas Hawksley alikuwa kashawawekea watu maji ya bomba yenye presha muda wote, wakati sehemu nyingi za Uingereza maji yanafunguliwa kwa masaa. Ila ilikuwa kampuni binafsi. Mwaka 1880 halmashauri ya mji ikainunua, na Papplewick ndo ikawa mradi wao mkubwa wa mwanzo, chini ya injinia wao Marriott Ogle Tarbotton. Maji wakayafuata kwenye mwamba wa mchanga, huko yanakuwa yameshachujwa yenyewe.

Kwahiyo mwanangu ukiuliza nani alikuwa anarembewa, ni mlipa kodi na diwani wake. Halmashauri inataka kusema tumechukua maji yenu na tunayaheshimu. Na hilo la hela ni kweli mradi ulitengewa pauni 55,000 na haukuzimaliza, ila kwamba chenji ndo ikanunua samaki wa shaba, hapo mie naona hadithi imetiwa chumvi. Nguzo za chuma cha kumimina kwenye kalibu zinachorwa kabla injini haijafungwa, huwezi kusubiri uone kilichobaki mfukoni ndo uchore kwarara.

kijana_wa_mjini:
Wote mnawatetea tu 😂 mimi naona ni sifa. Mtu anakaa chumba kimoja na watoto sita, nyie mnampakia shaba nguzo ambayo hataiona maisha yake yote. Wangeongeza mabomba.

bibi_wa_makavazi:
Hoja yako naikubali nusu. Mabomba pia waliweka, kila injini ilikuwa na uwezo wa galoni milioni 1.5 kwa siku. Ila ukitaka sifa za kweli nenda kituo cha pampu cha Crossness, London, cha mwaka 1865, kile ni cha majitaka kabisa. Msanifu Charles Driver kapamba vyuma vyake kwa tini na sanamaki, yani vitu vya kuharisha, ndani ya kituo cha kusukuma mavi ya jiji. Mtu huyo alikuwa anacheka peke yake wakati anachora.

mdau_wa_majengo:
Hahaha sanamaki 😂😂 bibi umeniua. Shukrani wakuu. Sasa injini bado zinaweza kuzunguka? Nilizikuta zimelala.

fundi_stimu:
Zinazunguka vizuri tu. Zilifanya kazi mpaka 1969, pampu za umeme zikachukua nafasi, sasa hivi ni makumbusho na kuna siku maalum wanawasha moto. Boila, yani mitungi ya kuchemshia maji yawe stimu, ziko sita, enzi hizo hazikuwashwa zote kwa pamoja, zilikuwa zinapokezana. Angalia kalenda yao uende siku ya stimu, na usiishie chini kupiga selfi na samaki, panda mpaka kwenye boriti. Vaa nguo ambayo hutaililia ikidondokewa na oili.